Iliyonyamaza Haijafa

6 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mguu wa mama mkwe umepata nafuu, sasa anafika hadi uani bila kushika ukuta, na akifika anatafuta mtu wa kumgombeza, ndiyo tunajua amepona. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na mtaa mzima unamwita Kibogoyo. Anakusalimu, anasema ukija umletee meno. Mimi sijambo. Uniwie radhi kwa mwandiko huu, naandika kwa mkono wa kushoto. Niliteleza bafuni.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu sina tena. Siku ile ulipopiga mchana, kaka yako alikuwa mezani kwake anatengeneza feni ya mtu. Aliposikia inaita mara ya pili akauliza ni nani. Nikamwambia ni dada yako. Akasema dada yake hana shughuli na mimi. Akaninyang'anya, akailaza mezani, akachukua nyundo ya marehemu baba yenu, ile yenye mpini mweusi, akaipiga. Unajua anavyotengeneza vitu. Redio ikikataa, kofi. Feni ikikataa, kofi. Nyingi zinatii, ndiyo maana wateja wanamwita Fundi Kofi, naye anacheka. Simu haikutii. Pigo la kwanza lilivunja kioo. La pili likaifanya ilie kama paka aliyekanyagwa mkia, ikafoka moshi mweupe, kisha moto ukamrukia mkononi na usoni. Nyusi zote ziliungua, ngozi ya kiganja ikabanduka. Aliikanyaga ili izime, kiatu nacho kikashika moto.

Sitakuficha, wifi. Nilisimama mlangoni nikaona raha. Tangu niingie nyumba hii, kile ndicho kitu cha kwanza nilichoona kikipigwa kikamrudishia. Tangu siku hiyo najiuliza, wameweka nini mle ndani? Wewe ndiyo kazi yako, nieleze kwa maneno ya kawaida.

Jibu kwa sanduku la posta la fundi cherehani, jirani yetu. Anwani iko nyuma ya bahasha. Usiniulizie kwenye simu ya kaka yako.

Wifi yako


1 Machi

Kwako wifi mchokozi,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, natoka kazini nanuka moshi. Huku sote wazima. Mwenye nyumba amepaka kuta zangu rangi ya kijani kama ya hospitali, kila nikiamka nadhani nimelazwa. Mwambie Kibogoyo meno huota yenyewe, shangazi yake ataleta vya kutafuna.

Haya, umeuliza. Betri ya simu ukiipasua, na usiipasue, utakuta mkeka uliokunjwa. Kuna karatasi mbili za chuma laini. Moja ni ya shaba, imepakwa makaa kama ya penseli. Nyingine ni ya alumini, imepakwa unga wa madini. Katikati kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na vyote vimeloweshwa kwenye kimiminika kinachowaka kama petroli. Ukichaji, chembe za lithiamu, madini mepesi yaliyomo kwenye ule unga, zinahama upande wa alumini zinakwenda kujibanza kwenye makaa. Ukitumia, zinarudi kwao. Maisha yake yote ni kuhama na kurudi. Ule utando ni kama mama mkwe mwema, anapitisha salamu lakini haruhusu watu kushikana mashati.

Utando ukichanika, karatasi zile mbili zinagusana, na nguvu iliyopaswa kutoka polepole inatoka yote kwa mpigo. Kimiminika kinachemka, kinakuwa gesi, gesi inapasua ganda. Unga wa madini ukishashika joto unatoa oksijeni wenyewe. Kwa hiyo moto huo hauombi hewa kwa mtu, umebeba pumzi yake tumboni.

Mimi nimeajiriwa kuzitesa. Natoboa kwa msumari, nakandamiza, naoka, nachaji kupita kiasi, nadondosha kutoka juu, mpaka tujue ipi inavumilia na ipi inalipuka. Kazini wananiita Mama Misumari na jina nimelipenda. Chumba chenyewe ni kuta za zege na mlango wa chuma. Kabla ya kutoboa napaza sauti mara moja, "Natoboa!", halafu nafunga mlango. Aliyebaki ndani, masikio yake ni mapambo.

Ushike haya. Betri iliyovimba haichajiwi, inatolewa nje mbali na nyumba. Usichaji kitu kwenye njia ya kutokea. Moshi wake ni sumu, unakula mapafu, kwa hiyo kimbia kwanza na maswali baadaye. Kinachosaidia ni maji mengi, kwa sababu yanapoza. Simu ile ilikuwa ndogo, mshukuru Mungu.

Kaka yangu ni mkali tangu utotoni, lakini si mtu mbaya, mzoee. Na hilo bafu lenu mnaoshea sabuni gani? Mwaka juzi pia uliteleza. Wekeni mkeka wa mpira.

Wifi yako mwenye misumari


25 Machi

Wifi,

Mama mkwe mzima. Kibogoyo mzima. Mkeka wa mpira tumeweka na nimeteleza tena. Safari hii ni meno, mawili ya mbele, yale yale ya mwanangu. Sasa nyumba ina vibogoyo wawili, ila ya kwake yataota.

Tuache bafu. Ni kaka yako. Unajua, na mimi najua kwamba unajua.

Ilikuwa hivi. Ameanza kazi ya betri za pikipiki za umeme, kila moja nzito kama mtoto wa kubeba mgongoni. Anaokota zilizotupwa, zilizokaa miezi bila chaji mpaka zikafa kabisa, anasema anazifufua. Karakana imejaa, kwa hiyo anazipanga sebuleni kando ya mlango, na nyumba yetu ina mlango huo huo mmoja, madirisha yote yana nondo. Ikikataa kuingiza chaji anaigonga kwa nyundo ya baba yenu. Siwezi kusema uongo, nyingine zinakubali na wateja wanamsifu. Nilimwambia dada yako anasema tusichaji kwenye njia ya kutokea. Akaniuliza mimi na dada yake tumeanza lini kumpangia kazi. Jibu langu sikulimaliza, meno yalikuwa yameshaanguka.

Baadhi zimevimba. Iko moja imevimba hadi ganda limefunguka kama kitabu. Kila asubuhi naigusa kwa mgongo wa mkono, kama mtoto mwenye homa.

Nijibu haya. Iliyokufa ikifufuliwa, inakaa muda gani kabla ya kuasi? Inatoa dalili? Na mtu aliyelala karibu nayo, ataamka akawahi kutoka, au moshi unammaliza usingizini? Hilo la mwisho ulijibu kwanza.

Wifi yako


14 Aprili

Wifi,

Salamu nitatoa mwishoni zikibaki. Swali lako la mwisho nililisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Sijibu. Mimi natoboa betri, sifundishi watu kuua. Yule ni kaka yangu, tumbo moja ziwa moja. Ukimgusa, nitakuja huko kwa miguu na utajua jina la Mama Misumari lilitoka wapi.

Hayo niliyaandika juzi, nikaiacha barua mezani. Leo nimepoa kidogo. Sikuyafuta, uyasome.

Sasa nisikilize. Nyundo ile naijua. Baba aliitumia kwa kila kitu cha nyumba ile isipokuwa misumari. Ulishawahi kumuuliza mama mguu wake uliharibikaje? Atakwambia aliteleza. Mimi na kaka tulikuwa tunajificha chini ya kitanda kimoja, tumeshikana mikono, tunasikiliza. Mimi nilitoka chini ya kitanda kile nikaapa sitapigwa na mtu. Yeye aliapa vivyo hivyo, ila aliona dawa ni kuwa yeye mwenye kushika nyundo. Namchukia kwa hilo na bado ni kaka yangu, na wewe usinichagulie moja.

Kuhusu betri. Ikikaa tupu kwa miezi, ile shaba ya ndani inaanza kuyeyuka. Ukiirudishia chaji, shaba inaganda upya mahali pasipo pake, inaota miiba midogo, na siku moja mwiba unatoboa utando. Siku ipi, hata sisi hatujui. Dalili ni kuvimba, joto na sauti ya kufoka, na pengine hupewi hata hizo. Kuigonga ni kuisukuma ile miiba. Hazifufui yule. Anazipaka rangi maiti.

Na jambo hili ni kubwa zaidi. Kulikuwa na mwenzangu hapa kazini, mcheshi, tukimwita Haraka. Betri kubwa iliwaka, ikamwagiwa mchanga, moto ukapotea, ukimya ukaingia. Mchanga unaficha moto, hauondoi joto. Chini yake betri moja inaipasha jirani yake, hiyo nayo inaipasha ya pili, kimya kimya, kama umbea. Haraka akaingia mapema kuchukua kamera yake. Ililipuka tena akiwa ameinama. Leo hana uso wa kusema ni uso, mkewe anamlisha kwa mrija. Tangu siku hiyo tumeandika ukutani: ILIYONYAMAZA HAIJAFA.

Mwambie kaka maneno hayo, hata kama atakupiga. Niahidi utamwambia. Kisha mchukue mtoto mje kwangu.

Salamu zimebaki chache. Zako na za Kibogoyo.

Wifi yako


30 Mei

Wifi,

Mbona kimya? Nimeandika nyingine mbili baada ya ile ya Aprili. Nimempigia kaka, nikamwambia nataka kuzungumza nawe. Akanijibu mke wake hana muda wa barua. Mimi sikumtajia barua.

Andika hata mstari mmoja. Nitukane ukipenda, lakini andika.

Wifi yako


18 Juni

Wifi,

Mama mkwe hajambo. Kibogoyo ameota jino moja. Mimi unaona naandika.

Barua yako ya Aprili haikuanzia kwangu. Fundi cherehani alikuwa amesafiri kumuuguza ndugu yake, mkewe akaitoa posta, akasoma jina lako nyuma ya bahasha, akamkabidhi kaka yako kwa wema wake: barua ya dada yako hii. Aliisoma mezani kwa sauti, mimi nimesimama, mama mkwe amekaa. Ana sauti nzuri ya kusoma, unajua. Alipofika kwenye mguu wa mama akainua macho, akamtazama. Mama akasema, "Niliteleza." Akaendelea. Alipofika kwenye maneno ya ukutani akacheka. "Iliyonyamaza haijafa. Dada yangu siku hizi mshairi." Alipomaliza aliikunja vizuri, akaitia mfukoni, akavua saa, akaiweka mezani. Halafu akaanza.

Taya langu lilifungwa waya. Nimekunywa kwa mrija kama mwenzako yule. Daktari aliniuliza, nikamtajia bafu. Akasema angependa kuliona hilo bafu, maana kila wiki linamletea mtu.

Sasa lile swali langu. Kibogoyo analala sebuleni, wifi. Kitanda chake kimebanwa kati ya betri na ukuta, na kila nikikihamisha baba yake anakirudisha, anasema chumbani hapatoshi. Nilikuuliza kama mwanangu ataamka. Wewe ukadhani namfikiria kaka yako. Wallahi sikuwa namfikiria. Nilikuja kuitoa barua kwenye suruali yake nikifua, nikasoma hasira zako, na ndipo wazo likaniingia. Wewe ndiye uliyeniletea. Sasa naiangalia ile iliyofunguka kama kitabu, najiambia ni kuisogeza tu, hatua chache, hadi chumbani, upande anaolala kaka yako. Naishika. Kisha namwona Kibogoyo anacheza, naiachia.

Kwa hiyo namtoa. Baba yake amekubali aje kwako likizo hii, ataletwa na mke wa fundi cherehani, ambaye kila akiniona analia. Mimi sijaruhusiwa. Na ile ahadi uliyotaka, nakupa. Nitamwambia, hata kama atanipiga. Ni maneno yako hayo, nimeyakariri.

Wifi yako


20 Julai

Wifi yangu,

Mtoto amefika salama, ana jino na nusu. Anakula, anauliza mambo tangu asubuhi, ameniuliza kwa nini sina mume nikamwambia nina misumari. Jana nilinyoosha mkono kuchukua sufuria kwenye rafu juu yake. Alijikunja chini, akafunika kichwa kwa mikono miwili, akafumba macho. Hakulia. Alikuwa anasubiri. Nilishusha mkono polepole, nikaenda kulia bafuni, na mimi huku naweza kusema kweli kwamba nilikuwa bafuni.

Nisamehe kwa nilivyokudhania. Swali lako nalijibu sasa, nimechelewa: hapana, asingeamka.

Ile iliyovimba itoe nje, mwambie mama aamrishe, kaka huwa anamsikiliza. Na wewe njoo. Usisubiri ruhusa, mtu hasubiri ruhusa ya kutoka kwenye moshi. Nimeshakununulia kitanda, kiko karibu na cha Kibogoyo.

Wifi yako


12 Septemba

Wifi,

Nimerudi salama kutoka mazikoni. Mtoto nimemkuta kwa jirani niliyemwachia. Nimemwambia baba yake amefariki kwa moto. Akauliza kama mama naye ameungua. Nikamwambia hapana. Akaenda kucheza, na jioni akarudi kuuliza tena, na leo ameuliza tena.

Kule sikupata nafasi ya kukaa nawe hata kidogo. Mama alipokunyooshea kidole mbele ya watu, akasema umemuua mwanawe, na wale binamu zetu wakakushika, mmoja nywele, mwingine nguo mpaka ikachanika begani, na yule mkubwa akaokota jiwe, sikufikiri. Nilimpiga kiwiko cha mbavu, jiwe likamwangukia mguuni mwenyewe. Kisha nikasimama mbele ya jeneza la kaka yangu nikatoa somo la betri. Niliwaambia mchanga hauzimi, unafunika. Niliwaambia iliyokufa ikifufuliwa inaota miiba. Niliwaambia hakuna aliyemuua, ameingia mwenyewe kwenye moto ulionyamaza. Walinielewa au walichoka, sijui, lakini walikuachia. Kaka yangu hakuonyeshwa watu. Mimi nilimwona. Nafanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kutapika, siku ile nilitapika.

Mama amenipa nyundo, ilikutwa kwenye majivu, chuma tupu bila mpini. Amesema ni ya baba, isipotee.

Sasa nakuuliza, na unijibu wewe, si mtu mwingine. Ulipofunuliwa kitambaa niliona shavu lako la kushoto. Kulikuwa na alama ya vidole, mbichi. Moto hauna vidole. Nani alikupiga siku ya moto, na kwa nini? Ulimwambia?

Wifi yako


3 Oktoba

Wifi,

Nakaa kwa fundi cherehani, chumba cha nyuma, kati ya vitambaa vya watu. Wananitendea wema mpaka naona aibu. Mama mkwe amehamia kwa binamu zenu. Nampelekea dawa yake ya mguu, anaipokea, haniangalii.

Nitakueleza yote.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Ile iliyofunguka kama kitabu nilishaitoa nje mara tatu, kila mara aliirudisha, kuna mteja alikuwa anaidai. Mama nilimwomba aseme kama ulivyoniagiza, akasema kazi ya mwanaume haiingiliwi. Siku ile iligoma kuingiza chaji, akaigonga. Nilikuwa jikoni, nikasikia ile sauti ya paka. Nilipofika sebuleni moshi mweupe ulikuwa umejaa hadi kiunoni na yeye alikuwa ameshatoka. Alitoka wa kwanza. Mama mkwe alikuwa kitini na mguu wake. Nilimshika makwapani nikamburuta kupita kando ya moto, sketi yangu ikaungua upindo. Hilo mama hakuwaambia mazikoni, nami sikutaka kumsemea.

Watu walijaa. Fundi cherehani alipiga kelele maji, maji, kaka yako akasema moto wa umeme haumwagiwi maji, wautupie mchanga, uko pale wanapojenga jirani. Wakatupa kwa koleo na ndoo kupitia mlangoni mpaka moto ukapotea. Moshi ukapungua. Watu wakaanza kumpa pole, na wengine kucheka jinsi alivyokimbia. Nadhani kicheko kile kilimuuma. Akasema anaingia kuchukua nyundo ya baba yake.

Nikamshika mkono. Nikasema, "Usiingie. Haijafa."

Nilisema kwa sauti, wote walisikia. Akayatambua maneno, wifi. Niliona macho yake yanayatambua, aliwahi kuyasoma mwenyewe mezani. Akasema, "Hata mbele za watu unanisomea barua?" Akanizaba kofi ambalo uliliona. Akageuka akaenda.

Sasa hapa ndipo ulipotaka kufika. Kati ya pale niliposimama na mlango kulikuwa na mwendo. Hakukimbia, alitembea kwa madaha kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Taya langu limepona, sauti ninayo. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kumshika shati. Nilishika shavu langu nikamtazama anaingia, na nilijua. Sikubahatisha, nilijua, wewe ndiye uliyenifundisha.

Iliamka akiwa ndani. Moja, halafu jirani zake zikaitikiana kama ulivyosema, na moto ukatoka mlangoni mzima mzima. Fundi cherehani alikwenda na ndoo akarudi bila nyusi. Kaka yako alikuwa analia ndani, anagonga nondo za dirisha. Aliniita mimi. Hakumwita mama, hakukuita wewe. Aliniita mpaka akanyamaza, na hata aliponyamaza watu waliogopa kusogea.

Ahadi yako niliitimiza, wifi. Uliniomba nimwambie hata kama atanipiga. Nilimwambia, akanipiga. Mara ya pili sikusema. Ukiniita muuaji nitaitika, wewe peke yako una haki hiyo. Lakini usimwambie Kibogoyo mpaka awe mkubwa, tafadhali.

Wifi yako, kama bado


24 Oktoba

Wifi yangu,

Kibogoyo ana meno yote mawili sasa, makubwa kuliko uso wake. Amenituma nikwambie jina libadilishwe.

Barua yako nimeikalia siku nyingi. Nilianza jibu la kukusamehe nikalichana, maana nani amenipa kazi hiyo. Nikaanza la kukulaani nikalichana, maana niliona tena alama ya vidole. Kaka yangu namlilia. Namlilia yule wa chini ya kitanda, aliyekuwa ananiziba masikio yangu badala ya yake. Yule aliyeingia ndani siku ile angeambiwa mara mia angeingia mara mia, hilo najua mimi dada yake, na wewe unalijua. Lakini pia najua ulinyamaza. Yote mawili yatakaa nami, sitayapatanisha na wala usinisaidie.

Nyundo nimeipeleka kazini, nikaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Mama akiniuliza, nitamwambia iliteleza.

Wewe njoo. Kitanda kipo, mtoto anakuulizia, na bafu langu halijawahi kumwangusha mtu. Tutakaa na hili humu ndani, mimi na wewe, tutagombana, tutapika, tutamlea. Usijibu kwa barua, panda basi.

Kazini nimebadilisha jambo moja. Kabla ya kutoboa napaza sauti mara mbili. Wenzangu wananicheka, wanasema Mama Misumari amezeeka, nani hakusikia ya kwanza. Nawaacha wacheke. Napaza ya pili, nachungulia ndani, ndipo nafunga mlango.

Wifi yako